Msimchanganye mwandishi na msimulizi

Kati ya Poe na Hawthorne, waandishi wa Kimarekani wa karne ya 19, nani anatisha zaidi?

Inategemea unaogopa nini. Poe anakufungia ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Katika "The Tell-Tale Heart" ya 1843, muuaji anajitetea kwamba ana akili timamu, na kadiri anavyojitetea ndivyo unavyozidi kumwogopa. Hatujui jina lake wala mji wake. Hawthorne mji anao: alizaliwa Salem mwaka 1804, na mmoja wa mababu zake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za 1692 zilizowafikisha watu 19 kitanzini. Sasa soma hadithi yake "Young Goodman Brown". Kijana anaingia msituni usiku, anawakuta wacha Mungu wa kijiji, hata bibi aliyemfundisha katekisimu, wakielekea kwenye mkutano wa shetani. Huenda aliota tu. Lakini tangu hapo hamwamini mtu, mkewe akiwemo, hadi anaingia kaburini. Mimi ni Hawthorne anayeninyima usingizi.

Ni kweli Poe alikuwa kichaa?

Nimeshalijibu hili mara nyingi: hapana! Pombe ilimsumbua, hilo halina ubishi. Ila sifa ya ukichaa ilienezwa na hasimu wake, Rufus Griswold, aliyeandika tanzia ya kumchafua mara tu Poe alipofariki Oktoba 1849, kisha akaghushi baadhi ya barua zake. Someni insha ya Poe ya 1846, anavyoeleza hatua kwa hatua jinsi alivyolijenga shairi lake la kunguru, "The Raven". Anayesema "mimi" hadithini si lazima awe mwandishi. Tafadhalini.

Frankenstein iliandikwa na Mmarekani yupi?

Hakuna. Ni ya Mary Shelley, Mwingereza, 1818.

Mwanangu ana miaka 14. Aanze na Lovecraft?

Asianze naye. Mazimwi ya hadithi zake za kutisha hayana neno. Tatizo ni dharau yake kwa watu weusi na wahamiaji, nayo imo ndani ya hadithi zenyewe. Katika "The Call of Cthulhu" ya 1928, wanaoliabudu zimwi ni watu wa damu mchanganyiko, wameelezwa kama takataka. Na hapa asije mtu kuniambia ni msimulizi tu, kwa sababu barua za Lovecraft zinasema yale yale. Akikua atamsoma, wewe ukiwa karibu. Kwa sasa mpe "The Lottery" ya Shirley Jackson, 1948: asubuhi ya Juni, jua zuri, majirani wamekusanyika uwanjani kuchezesha bahati nasibu. Mwisho usimsimulie, na usimruhusu kutafuta muhtasari mtandaoni.