Kiini cheupe, na mchicha ulio nyuma ya nyumba

SWALI: Shikamoo bibi. Nina kuku wa kienyeji 14, mitetea 12 na majogoo 2. Tangu Mei nimewafungia bandani kwa sababu walikuwa wanamaliza bustani ya jirani. Nawapa pumba za mahindi na mashudu kidogo ya alizeti. Sasa mayai yana kiini cheupe, mpaka wateja wananiuliza kama ni ya kisasa. Nyuma ya nyumba nina mchicha, matembele, maboga na mihogo. Mama mkwe ananikataza, anasema majani yanaharisha kuku. Niwape? Na ni kweli mbegu za maboga zinatoa minyoo?
Msomaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Wape, tena anza leo jioni.

Ile rangi wateja wako wanayoitafuta hutoka kwenye majani. Kuku wako walipokuwa wanazurura walikuwa wanadonoa nyasi kutwa nzima. Ulipowafungia, wamebaki na pumba za mahindi meupe, na mahindi meupe hayana rangi ya kumpa kuku. Mchicha na matembele wanayo tele.

Mama mkwe hajakosea sana. Kuku mwenye njaa ukimwagia lundo la majani mabichi asubuhi, atajaza tumbo maji na kinyesi kitalegea. Kwa hiyo wape kwanza chakula chao washibe, majani yafuate saa kumi jioni. Mtetea mmoja hula kama gramu 120 za chakula kikavu kwa siku; majani ni mboga ya pembeni, hayachukui nafasi ya ugali. Kwa kuku 14, mafungu mawili ya mchicha yanatosha. Usiyatupe chini wakayakanyagia kwenye mavi. Funga fungu kwa kamba, litundike usawa wa kichwa cha kuku, wavute wenyewe. Utawaona wanavyoshindana, na hawatakuwa na muda wa kunyonyoana manyoya.

Majani marefu na magumu yakatekate kwanza, hili nakuomba sana. Mwaka mmoja nilifyeka nyasi kando ya mfereji nikawarushia vilevile, ndefu. Mtetea wangu mwekundu, aliyekuwa anatotoa kuliko wote, akajikunyata siku mbili. Nilipomshika chini ya shingo, gole limevimba kama ngumi, ukibonyeza ni gumu kama fundo la kamba. Alikufa usiku. Nilipompasua nikatoa nyasi zimesokotana kama kata ya kubebea ndoo. Tangu siku ile kisu changu cha kukatia majani kinakaa mlangoni mwa banda. Na kwa kuwa wako hawatoki, wawekee sinia la changarawe ndogo. Kuku hana meno, firigisi ndiyo inayosaga.

Kisamvu kibichi usiwape. Kina sumu, ndiyo maana sisi wenyewe tunakitwanga na kukichemsha muda mrefu. Vivyo hivyo maharage makavu yasiyopikwa, viazi mviringo vilivyogeuka kijani, na ganda na kokwa la parachichi. Mboga iliyopigwa dawa ya wadudu ipishe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, maana usipofanya hivyo dawa unaila wewe ndani ya yai.

Mbegu za maboga ni chakula kizuri, zina mafuta na protini. Zitwange kidogo uchanganye na pumba. Lakini kwa minyoo usizitegemee. Mimi nimewapa miaka mingi na bado nimeikuta minyoo kwenye kinyesi. Nunua dawa ya minyoo duka la mifugo, ufuate kipimo chake.

Jambo moja hukuuliza, ila limo kwenye barua yako. Pumba na mashudu peke yake hayamtoshi kuku aliyefungiwa, kwa sababu hapati tena kumbikumbi wala panzi. Ongeza dagaa waliosagwa, na maganda ya mayai uyakaushe, uyaponde, uchanganye. Mchicha hautakupa ganda gumu la yai.

Kiini hakibadiliki kesho. Yai linalotagwa leo lilianza kujazwa zaidi ya wiki moja iliyopita. Weka alama kwenye kalenda siku utakayoanza, kisha vunja yai moja siku ya 14, mbele ya mama mkwe.