WALL-E, roboti mzoa taka: leo najibu maswali yenu

Wiki iliyopita nilisema WALL-E, ile katuni ya Pixar ya 2008, ndio muvi ya maroboti ninayoipenda kuliko zote, basi maswali yakamiminika mpaka nikaona niyajibu kwa pamoja. Kwa ambaye hajaiona, ni mwaka 2805, dunia imefunikwa na taka, watu walishaondoka zamani, kama miaka 700 iliyopita, wanaishi kwenye meli kubwa ya anga za juu inaitwa Axiom. Huku chini kabaki roboti mmoja mdogo, anashindilia taka tumboni mwake zinatoka zimekuwa matofali, anayapanga mpaka yanafikia urefu wa maghorofa. Siku moja anashushwa roboti mweupe wa kike, EVE, ametumwa kutafuta mmea, na kumbe WALL-E alishaukuta mmoja umeota ndani ya friji bovu akauhamishia kwenye buti chakavu. Hapo ndio mambo yanapoanzia.

"Mbona mwanzoni hawaongei kabisa? Niliogopa wanangu watachoka." (Mama wa watoto wawili, Mombasa)

Na je walichoka dada? Naamini hapana. Mimi niliiangalia mara ya kwanza na mama yangu mkubwa ambaye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, na tulipomaliza alinisimulia muvi nzima vizuri kuliko mimi, hadi kale kamende rafiki yake WALL-E alikaonea huruma kalipokanyagwa. Muongozaji, Andrew Stanton, alifanya vile kwa makusudi, yeye na wenzake walikaa karibu mwaka mzima kila siku mchana wanaangalia muvi za kimya za akina Charlie Chaplin na Buster Keaton ili waone mtu anavyoweza kukuchekesha na kukuliza bila neno hata moja. Na yale macho ya WALL-E Stanton aliyapata uwanjani kwenye mechi ya besiboli, akashika darubini akaanza kuikunja kunja, mara inaonekana imenuna, mara imefurahi, mechi yenyewe ikampita.

"Nani kaigiza sauti yake?" (Morogoro)

Ben Burtt, yule yule aliyetengeneza sauti za roboti R2-D2 kwenye muvi za Star Wars. Anaongea mwenyewe halafu anaipitisha kwenye kompyuta. Mlio wa WALL-E akitembea ni jenereta ya kuzungusha kwa mkono.

"Mimi ni fundi simu, nataka kujua tu, roboti anadumu vipi miaka 700? Betri gani hiyo?" (Mwanza)

Fundi umeuliza swali la kifundi na nimelipenda sana. Ukiangalia vizuri anatumia sola, asubuhi anatoka kajichokea anafungua paneli zake juani, chaji ikijaa unasikia mlio ndio anaanza kazi. Na spea anazichukua mwenyewe kwa wenzake waliokufa, kuna mahali anampita mwenzake kalala barabarani anachukua minyororo yake ya kutembelea anaivaa, yake ilikuwa imekwisha. Nyumbani kwake ana macho ya akiba, ana kila kitu. Yani kuna maelfu walitengenezwa sawa sawa kabisa, huyu kabaki kwa sababu ni fundi kama wewe.

Miaka 700 kwa kweli ni mingi mno, ila usidhani ni hadithi tupu. NASA, shirika la anga la Marekani, walipeleka sayari ya Mars gari la roboti linaitwa Opportunity, likatua Januari 2004, na lenyewe linatumia sola, walilipangia kazi ya siku 90 tu. Likafanya kazi mpaka Juni 2018, miaka zaidi ya 14, limetembea zaidi ya kilomita 45, peke yake huko kwenye vumbi. Kilichokuja kulizima ni dhoruba ya vumbi iliyoziba jua. Siku walipotangaza kwamba wameacha kulitafuta niliumia kweli, na nilimkumbuka WALL-E.

"Wale watu wa kwenye meli wamechorwa wanene hivyo kwa nini? Mimi ni mnene na niliona ni dharau." (Dada, Dodoma)

Dada yangu pole, na hili sitalipita haraka haraka. Ni kweli kuna watu wengi waliilalamikia hiyo sehemu na sioni kama walikosea kusema. Maelezo ya muvi yenyewe ni kwamba ukikaa sana anga za juu ambako hakuna uzito mifupa inapungua, na hilo ni la kweli, wanaanga wanapoteza kama asilimia 1 mpaka 1.5 ya uzito wa mfupa kwa mwezi kwenye mifupa ya nyonga, ndio maana wale wa kwenye kituo cha anga cha kimataifa wanafanya mazoezi karibu masaa mawili kila siku. Na Stanton alisema alikuwa anawafikiria kama watoto wachanga wakubwa, watu ambao hawajawahi kuachwa wafanye kitu wenyewe.

Ila mimi naona kiini chenyewe ni kile kiti wanachokalia siku nzima na ile skrini iliyo mbele ya macho yao, sio mwili. Angalia Mary, abiria mmoja wa ile meli. Yuko hivyo hivyo alivyo, mwili ule ule, skrini yake inazimwa kwa bahati mbaya na kwa mara ya kwanza anageuza shingo anaziona nyota, anashangaa kumbe meli yao ina bwawa la kuogelea, miaka yote amepita pembeni yake hajui. Halafu anamzimia abiria mwenzake John skrini na yeye, wanashikana mikono, baadae wanaingia kwenye maji wanarushiana. Hajapungua hata kilo moja, ila ameamka. Hicho kipande huwa narudia kukiangalia chenyewe tu.

"AUTO ndio shetani wa hii muvi au sio? Na je akili bandia itatufanyia vile?" (Mwalimu, Kigoma)

Shikamoo mwalimu. Mimi nasema sio shetani. AUTO ni usukani tu wa ile meli, unaojiendesha wenyewe, wenye jicho jekundu, na hata sauti yake haikuigizwa na mtu, ni programu ya kompyuta za Apple ya kusoma maandishi. Hana chuki na mtu. Mwaka 2110 bosi wa ile kampuni kubwa iliyokuwa inaendesha kila kitu aliona kusafisha dunia kumeshindikana akatuma amri ya siri, A113, kwamba usukani uchukuliwe na mashine na wasirudi tena. Miaka 700 baadae mmea umepatikana, hali imebadilika, yeye bado anashika amri ya mtu aliyekufa zamani. Anayeogopesha pale kwangu mimi ni binadamu aliyeamua mara moja halafu akaondoka, na makapteni wote waliofuata ambao hakuna aliyeuliza.

Maana tazama mwalimu, hakuna mahali kwenye muvi yote maroboti wanapindua nchi. Hawakunyang'anya kitu. Watu ndio walikabidhi, leo kupika, kesho kutembea, keshokutwa kulea watoto, mpaka kapteni kazi yake imebaki kutangaza asubuhi. Na tiba yake inaanza kwa swali, kapteni anaona udongo mkononi anauliza kompyuta hii nini, akijibiwa anauliza bahari ni nini, kucheza ngoma ni nini, usiku kucha halali, kama mtoto wa miaka minne. Kwa hiyo ukiniuliza akili bandia itatufanya nini mimi nakurudishia darasani kwako, mwanafunzi anayeitumia kuuliza zaidi simuogopei, huyo wa kuitumia ili asiulize tena ndio ananinyima usingizi. Siku kapteni anaposema hataki kubaki hai tu, anataka kuishi, ndio anasimama kwa miguu yake akazime AUTO, na miguu inamtetemeka kweli kweli.

"Dunia inaweza kujaa taka kiasi kile au wameongeza chumvi?" (Nairobi)

Wameongeza, ndio, lakini ndugu yangu uko Nairobi, Dandora, lile jalala kubwa, unaijua. Kuna akina WALL-E pale kila siku, watu wa damu na nyama, wanachambua chupa na vyuma juani, na kama yeye tu wanajua kipi bado kina thamani. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008, mwaka ule ule muvi imetoka, Kenya mkafuata 2017, Tanzania Juni 2019. Mitaro ya mtaani kwetu ilipungua mifuko, niliona kwa macho yangu, ila chupa za maji zimebaki pale pale.

"Mmea mmoja unaokoa dunia nzima? Hapana bwana." (Mwanafunzi wa kilimo)

Hauokoi, na muvi haisemi unaokoa. Mmea ni ushahidi tu kwamba udongo na hewa vimeanza kukubali tena. Na kumbuka unakaribia kumfia kapteni mkononi, ndio anaumwagia maji anauambia ulikuwa unahitaji mtu wa kukuangalia tu. Wewe wa kilimo hilo unalijua kuliko mimi.

"WALL-E akitengenezwa upya anakuwa hamkumbuki EVE. Ni yule yule au ni mwingine? Nimegombana na mume wangu kwa hili." (Tanga)

Badilisheni mada wakati wa chakula cha usiku, tafadhali. Mimi nadhani pale mwanzo kweli hayupo, kabadilishiwa saketi kubwa, anaamka anaanza kushindilia hata vitu alivyovikusanya mwenyewe, hazina yake yote, anaviona ni taka. Huwa napata shida kuangalia. EVE anamwimbia, anamwonyesha vitu, wapi. Kinachomrudisha ni mkono, EVE anamshika mkono anagusanisha kichwa chake na chake, cheche inaruka. Na mkono ndio alichokuwa anakitamani tangu mwanzo, kile kipande cha muvi ya nyimbo, Hello, Dolly! ya 1969, anachokiangalia kwenye kaseti kila usiku, wapenzi wameshikana mikono na yeye anashika mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo mwambie shemeji mimi niko upande wa "ni yule yule".

"Wakirudi duniani si watakufa njaa? Muvi imeishia pabaya." (Zanzibar)

Umezima mapema! Yale majina ya mwisho yakianza kupita usiguse rimoti. Kunaonyeshwa picha za kuchorwa, zinaanza kama za mapangoni, zinakuja kama za Misri ya kale, mpaka za mchoraji Van Gogh, na humo ndani watu na maroboti wanawasha moto pamoja, wanachimba visima, wanalima, wanavua samaki. Picha ya mwisho WALL-E na EVE wamesimama chini ya mti mkubwa, kamera inashuka taratibu kwenye mizizi, chini kabisa kuna lile buti.