Ulimbo, vibofu na maji ya mvua: ziara zetu za mimea inayokula wadudu

Mmea wangu wa kwanza unaokula wadudu ulikufa kwa maji ya kisima. Ulikuwa Drosera, mdogo kama sarafu ya shilingi 20, majani yamejaa vinywele vyekundu na kila kinywele kimebeba tone la ulimbo kwenye ncha. Nikiunywesha maji yale yale ya mirehani yangu hapa Tudor, na mirehani ilikuwa ikinawiri. Baada ya majuma sita matone yakakauka. Nikadhani una njaa, nikautia mbolea kidogo. Siku ya nne ulikuwa mweusi wote.

Kosa langu nililielewa Kisauni, kwa mama mmoja ambaye amefuga mimea hii kwa miaka mingi uani kwake. Rafiki yetu ndiye aliyenipeleka. Nilipomweleza yaliyonifika, yule mama hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na vikombe viwili, kimoja cha maji ya mvua, kingine cha maji ya kisima chake.

"Onja, mwanangu."

Nikaonja.

"Chumvi hiyo wewe umeionja mara moja kwa ulimi. Mmea unaionja kwa mizizi usiku na mchana."

Mimea hii asili yake ni ardhi fukara: mabwawa, mchanga uliolowa, mahali ambapo mvua imeosha karibu kila kirutubisho. Nitrojeni inayokosekana udongoni huipata kwa wadudu, na mizizi yake haikuzoea madini mengi. Sisi Mombasa tumekaa juu ya matumbawe, mwamba wa chokaa, na visima vyetu vingi vina chumvi. Kwa hiyo ukitaka kuifuga hapa, anza na pipa la maji ya mvua kabla ya kuwa na mmea. Na makumbi ya nazi, ambayo wengi wetu huyatumia badala ya udongo, yaloweke na kuyasuuza mara nyingi, ukibadilisha maji kila mara, kwa sababu makumbi ya pwani huja na chumvi yake. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa.

Haya yote ningeweza kuambiwa kwa simu. Lakini pale uani niliona jambo ambalo simu isingeniambia: Nepenthes zilizoning'inia chini ya mwembe, mitungi yake mirefu kama kidole cha kati, kila mmoja na kifuniko chake na mdomo unaong'aa kwa utelezi. Sisimizi alitembea pembeni akilamba utamu, akateleza, akazama. Nepenthes za nyanda za chini zinalipenda joto letu na unyevu wetu. Aina moja huota Shelisheli, nyingine Madagaska, ng'ambo tu ya bahari hii hii. Dionaea, ule mmea wenye mdomo wa meno ambao kila mtu huutaka kwanza, kwao ni North Carolina na South Carolina huko Marekani, na kila mwaka huhitaji miezi ya baridi ya kupumzika. Mombasa haina baridi hiyo. Namwambia wazi kila anayeniuliza: usianze nao.

Ukialikwa kwenye mkusanyiko wa mtu, shika adabu ya mgeni. Usichokoze mitego. Mtego wa Dionaea hufunga vinywele vyake vya ndani vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, na kila kufunga kunaugharimu mmea nguvu. Mtego mmoja hufunga mara chache tu kisha hufa. Usiguse ulimbo wa Drosera, usitumbukize nyama kwenye mtungi wa Nepenthes ili upate video. Uliza kabla ya kupiga picha. Na zawadi nzuri kuliko keki au soda ni jerikeni ya lita 20 ya maji ya mvua, hasa kiangazi. Mimi nilimpelekea yule mama mbili mwezi wa pili, akanipa kipande cha Nepenthes kilichokwisha kutoa mizizi. Kipande ukipewa, kiweke peke yake majuma kadhaa kabla ya kukichanganya na mimea yako. Chawa wa mimea hawabishi hodi.

Porini ni habari nyingine, na huko ndiko moyo wangu uliko.

Mara ya kwanza tulikuwa watano. Tulivuka feri ya Likoni alfajiri, tukapanda matatu kupitia Kombani hadi Kwale. Mzee wa kijiji alikuwa amekwisha kuarifiwa, na kijana mmoja wa pale akatuongoza. Msiruke hatua hiyo. Ardhi ina wenyewe. Ndani ya Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, kuna ndovu, na kutembea kwa miguu ni pamoja na askari wa wanyamapori. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, nayo huingii bila ruhusa ya wazee, na hakuna kung'oa hata jani.

Nilitarajia kuona midomo. Nilichokiona ni maua ya manjano, madogo kama ukucha wa mtoto, yamesimama juu ya kidimbwi. Hizo ni Utricularia. Moja, Utricularia stellaris, shina lake la ua limezungukwa na vielea vilivyopangika kama nyota. Chini ya maji kuna nyuzi za kijani, hazina mizizi, zimejaa vibofu vidogo kama mbegu ya mchicha. Kibofu hutoa maji yake nje hadi kuta zikabonyea. Kidudu kikigusa vinywele vya mlangoni, mlango hufunguka na maji hukivuta ndani kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tulikaa hapo saa nzima, tukipokezana lenzi ya kukuzia. Mwenzetu mmoja, mwalimu, alikuwa akinong'ona kama yuko mbele ya mtoto aliyelala.

Msiingie maji hayo miguu mitupu. Vidimbwi vya maji baridi vya pwani vina konokono wanaobeba kichocho, na kichocho huingia kwa ngozi. Vaeni gambuti, chukueni maji kwa kikombe chenye mpini mrefu, na mikono ikilowa ikausheni mara moja. Kabla ya kuhamia kidimbwi kingine osheni tope lote, kwa sababu kipande kidogo cha Utricularia hutosha kuanzisha mmea mpya mahali usipotakiwa. Kwenye mchanga wenye maji tembeeni mmoja nyuma ya mwingine: zipo aina zinazoishi humo, majani yake hata hamtayaona mnapoyakanyaga. Wakati mzuri ni baada ya masika, mwezi wa sita hadi wa nane, asubuhi.

Na mahali penyewe sitapataja. Nawaomba nanyi mfanye hivyo: zimeni alama ya eneo kwenye simu kabla ya kusambaza picha. Wizi wa Dionaea ulizidi mno North Carolina hadi mwaka 2014 ukatungiwa sheria ya kuwa kosa la jinai zito. Nepenthes zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na ukitaka kuingiza mmea wowote Kenya kuna kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, cha kushughulikia kwanza. Kuficha kwenye begi kipande cha mmea ulichokiona safarini ni kuhatarisha mmea na kujihatarisha mwenyewe.

Vuli ikianza tutarudi kwenye kidimbwi kile kile, safari hii tukiwa saba. Nimekwisha kununua gambuti mbili za ziada, namba 6 na namba 8, kwa watakaokuja bila. Yule mama wa Kisauni ameniambia magoti yake hayawezi tena tope, ila anataka nimpelekee picha ya vibofu, kubwa, iliyochapishwa, aibandike ukutani karibu na pipa lake la maji.