Beringi za tela la boti kuingia maji

Ndugu yangu, umeeleza kwamba tela la boti unalolivuta kutoka Dodoma hadi Bwawa la Mtera limebadilishwa beringi, lakini hazidumu, na grisi inayotoka ni nyeupe kama maziwa. Rangi hiyo inatosha kuonyesha kwamba maji yameingia ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachoshika beringi. Habu hupata joto kwa mwendo mrefu. Ukiizamisha mara tu unapofika, hewa iliyomo hupoa ghafla, hunywea, na kuvuta maji kupitia kwenye sili, yaani mpira unaozuia maji kuingia, hasa iliyochakaa. Kwa hiyo subiri mpaka habu ipoe kabisa ndipo urudishe tela nyuma kuingia majini.

Kwa sasa fungua habu zote, osha beringi kwa mafuta ya taa, zikaushe, kisha uzikague: rola yenye vidoa vya kutu au mikwaruzo haifai tena, na beringi mpya haifungwi kwenye kikombe cha zamani (pete ya nje ambamo rola huzunguka), jambo ambalo baadhi ya mafundi hulipuuza ili kupunguza gharama. Sili nayo iwe mpya kila unapofungua. Tumia grisi inayohimili maji, bila kuichanganya na ya zamani, ukiisukuma kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili wa rola. Nati ikaze huku ukizungusha gurudumu, kisha uilegeze kidogo, mpaka gurudumu lizunguke bila kukwama wala kucheza, ndipo utie pini mpya ya kuizuia nati isifunguke.