Hewa ya barakoa ya CPAP inampiga mwenza na kurudi machoni: usiyazibe matundu, yaelekeze

Ndugu yangu, umeeleza kwamba huu ni mwezi wa pili tangu uanze kulala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge usingizini, kwamba hewa inayofoka mbele ya barakoa inampiga mkeo shingoni usiku kucha, kwamba ukilala ubavu hewa hiyo inagonga mto na kukurudia machoni, na kwamba juzi ulichukua plasta ukaziba nusu ya vile vitundu ndipo wote wawili mkapata usingizi. Naanza na hiyo plasta kabla ya jambo lingine lolote: tafadhali ibandue leo, kabla hujapanda kitandani.

Sababu yake ni hii. Bomba la mashine ni moja tu na kazi yake ni kuleta hewa. Halina mkondo wa pili wa kuirudisha. Barakoa nayo imebana usoni pande zote ili mgandamizo usipotee. Kwa hiyo pumzi unayoitoa, pamoja na hewa ukaa iliyomo, haina mlango mwingine wa kutokea isipokuwa vile vitundu vidogo vilivyotobolewa makusudi, navyo huwa wazi muda wote, unapovuta na unapotoa. Ukiviziba, sehemu ya pumzi yako inabaki ndani ya barakoa na nyingine inapanda bombani, kisha unaivuta tena. Mgandamizo wa mashine hizi hupimwa kwa sentimita za maji, na kwa kawaida huwekwa kati ya 4 na 20. Kwa barakoa nyingi, hewa inayopita vitunduni ni kama lita 20 kwa dakika kwenye kiwango cha 4, nayo hukaribia lita 50 kwenye kiwango cha 20, ilhali mtu mzima aliyetulia huvuta lita sita hivi tu kwa dakika. Upepo huo unaowasumbua, basi, si hitilafu ya kiwandani. Ndio unaoisafisha barakoa kati ya pumzi moja na nyingine.

Nasema haya kwa sababu nami niliwahi kufanya kosa la jamii hiyo hiyo. Natumia mashine kwa mwaka wa sita sasa, na katika wiki za mwanzo nilikuwa nikikunja upindo wa kanga na kuulaza mbele ya barakoa ili kuvunja nguvu ya upepo. Kelele zilipungua kweli, lakini niliamka na kichwa kizito, kinachogonga kuanzia kwenye paji hadi kisogoni, na nilipokwenda kliniki kulalamika kwamba mashine hainisaidii, muuguzi aliniuliza swali moja tu: je, kuna kitu chochote kinachofunika matundu? Kanga ilipoondoka, kichwa nacho kikaacha kuuma. Kwa hiyo kama umeamka na maumivu ya kichwa tangu ulipoweka plasta, usiyadharau.

Sasa tuingie kwenye dawa ya tatizo lenyewe, na hatua ya kwanza ni kujua kama hewa unayoilalamikia inatoka vitunduni au inavuja ukingoni mwa barakoa, maana watu wengi huchanganya mambo haya mawili na kuhangaika mahali pasipo. Vaa barakoa, washa mashine, kisha lala kama unavyolala usiku, si kuketi, kwa kuwa uso hubadilika umbo ukilala. Lowesha mgongo wa kiganja chako kwa maji kidogo na uupitishe taratibu kuzunguka ukingo wote, kuanzia kwenye mwinuko wa pua, ukishuka shavuni hadi kidevuni. Ngozi yenye unyevu huhisi hata upepo mdogo sana. Ukihisi baridi penye ukingo, hasa karibu na kona za macho, huo ni uvujaji, na dawa yake ni kuikalisha barakoa upya au kurekebisha mikanda, au pengine kubadili saizi. Usiikaze kupita kiasi, kwa maana ukingo uliokazwa sana hujikunja na kuvuja zaidi. Lakini usipohisi baridi ukingoni na upepo ukatoka mbele tu, basi macho yako yanaumizwa na hewa ya vitunduni inayogonga mto na kurudi, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Hatua inayofuata ni kuitazama barakoa yako mchana, kwenye mwanga mzuri, ili ujue vitundu viko wapi. Katika barakoa nyingine vimetobolewa kwenye kile kiwiko kinachounganisha bomba na barakoa, na katika nyingine viko kwenye mwili wa barakoa wenyewe. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kama viko kwenye kiwiko, mara nyingi kiwiko hicho huzunguka, na upepo huzunguka pamoja nacho. Mimi yangu ni ya aina hiyo. Kwa miezi mingi bomba langu lilikuwa likishuka kifuani, na upepo ukienda moja kwa moja upande wa mke wangu, ambaye alikuwa akijifunika shuka hadi masikioni katika joto la Januari la Dar es Salaam. Siku moja aliniambia kwa upole, "Baba watoto, hilo bomba si ulipitishe juu?" Nilizungusha kiwiko, nikalipitisha bomba juu ya kichwa, na nikalifunga kwenye fremu ya chandarua kwa kipande cha kitambaa, nikiacha ulegevu wa urefu wa mkono mmoja ili nigeuke bila kuvutwa. Upepo ukawa unaelekea miguuni, katikati yetu, hewani. Usiku huo alilala bila shuka. Nilijuta kwamba hatukuzungumza mapema, kwa sababu yeye alikuwa amevumilia akidhani kulalamika kungenifanya niiache mashine.

Kama vitundu vyako viko kwenye mwili wa barakoa, havizunguki, na itakubidi ubadili mlalo wenu. Badilishaneni pande za kitanda, ili ubavu unaoupenda kulalia ukuelekeze ukutani na si kwa mwenzako. Mwulize pia saa anayosumbuka. Mashine nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe, zikianza na mgandamizo mdogo na kuupandisha koo linapoanza kujifunga, na jambo hilo hutokea zaidi ukilala chali na katika usingizi wa ndoto, ambao huwa mwingi kuelekea alfajiri. Ndiyo maana upepo usiomsumbua mtu saa nne ya usiku unaweza kumwamsha saa kumi. Usishushe mgandamizo kwa mkono wako ili kumpendeza. Hilo lipeleke kwa daktari aliyekuandikia mashine. Jizoeze kulala ubavu, na huenda mashine yenyewe ikahitaji kusukuma kwa nguvu ndogo zaidi.

Suala la mto ndilo lililonichukulia muda mrefu kuliko yote, na ninaliona kuwa na faida kubwa kwa mtu anayelala ubavu. Mto mpana na laini hupanda hadi mbele ya barakoa, na hapo mambo mawili hutokea: unaziba baadhi ya vitundu, au unakuwa ukuta wa kurudishia upepo machoni. Mto wa sufi ni mbaya zaidi kwa hili, kwa sababu unadidimia katikati na kuinuka pembeni. Kuna mito ya viwandani iliyokatwa mapengo pembeni kwa ajili ya watu wa CPAP, lakini sikutaka kuagiza mto kutoka nje ya nchi. Nilinunua kipande cha sponji ngumu kiasi na kukipeleka kwa fundi wa makochi hapa Tabata. Nikajilaza kwenye benchi lake nikiwa na barakoa usoni, bila mashine, naye akachora kwa chaki mahali barakoa inapoishia, kulia na kushoto. Kisha akakata pengo la nusu duara kila upande, lenye kina cha vidole vinne, na kukivalisha kipande hicho foronya aliyoishona kufuata umbo hilo. Shavu langu hukaa juu ya sponji, barakoa huning'inia kwenye pengo, na upepo hupita chini bila kugonga kitu. Ukifanya hivyo, hakikisha upana wa pengo unazidi upana wa barakoa kwa vidole viwili hivi kila upande, maana usingizini hatutulii mahali pamoja. La kwangu la kwanza lilikuwa jembamba, na ilibidi nirudi kwa fundi.

Hujataja chandarua, lakini unaishi jiji hili na nadhani unacho. Upepo ukielekea kwenye ukuta wa chandarua ulio karibu, kitambaa hupepea na kutoa mlio wa kuudhi, wakati mwingine kikagusa uso. Tena mbu hufuata hewa ukaa tunayoipumua, na hewa yako yote inatoka mahali pamoja kama moshi wa bomba. Mara kadhaa nimemulika kwa tochi ya simu na kuwakuta wametua kwa nje, penye kitambaa kilichokuwa kikipulizwa na barakoa yangu, huku kiwiko cha mkono wangu kikigusa hapo hapo. Tafadhali usiache kutumia chandarua kwa sababu ya bomba. Lipitishe chini ya upindo, uuchomeke tena chini ya godoro pande zote mbili za bomba bila kulibana, na uhakikishe chandarua kina upana wa kutosha ili ukuta wake ukae mbali na uso wako. Cha duara chenye kilele kimoja huingia ndani penye kichwa. Cha pembe nne ni bora zaidi kwa sisi.

Ukianza kusikia mluzi mwembamba kutoka vitunduni, ambao haukuwapo zamani, kagua kama vimeanza kuziba. Huku kwetu wengi tunaoshea maji ya kisima, na katika mitaa mingi maji hayo yana chumvi. Yakikaukia kwenye vitundu huacha utando mweupe. Mimi huosha barakoa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, napitisha mswaki laini wa mtoto juu ya vitundu, namalizia kwa kuisuuza kwa maji ya kunywa, kisha naianika kivulini. Usichokonoe kwa sindano wala kijiti cha meno, kwa kuwa tundu likipanuka, kiasi cha hewa kinachotoka kinabadilika na utulivu wa mgandamizo unaharibika. Inyanyue kwenye mwanga. Kila tundu lionyeshe nuru.

Kuhusu baridi ya upepo wenyewe, kama mnalala na kiyoyozi, kiongezeni nyuzi chache kabla ya kuilaumu barakoa. Chumba kikiwa baridi sana na kihifadhi unyevu cha mashine, yaani kile chombo cha maji kinachoipa hewa unyevu, kikiwa kwenye kiwango cha juu, maji hujikusanya bombani na kugugumia, na matone huweza kufika usoni. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, hivyo mimi hukiweka kwenye kiwango cha chini. Na mashine ikae chini ya usawa wa kitanda, ili maji yakijikusanya yarudi nyuma badala ya kukujia.

Ikiwa baada ya haya yote mkeo bado anapulizwa, ndipo ufikirie barakoa nyingine. Ulizia zile ambazo hewa yake hutoka kwa kutawanyika kupitia wavu mwembamba au duara la vitundu vingi vidogo sana, badala ya kundi dogo la vitundu linalotoa mkondo mmoja mkali. Kiasi cha hewa ni karibu kile kile, lakini hakina nguvu ya kumfikia mtu aliye upande wa pili wa kitanda cha futi tano kwa sita. Zipo pia ambazo bomba lake huunganishwa utosini. Kabla hujalipa, omba ujaribu ukiwa umelala, na uende na mkeo, kwa sababu yeye ndiye anayejua upepo unapofika.

Jambo moja zaidi linalohusu vitundu hivyo: umeme ukikatika, mashine inaacha kusukuma, na bila msukumo vitundu peke yake havitoshi kuisafisha barakoa. Zile zinazofunika pua na mdomo kwa kawaida zina vali ya usalama inayofunguka na kukuletea hewa ya chumbani, na mwenye barakoa ya pua anaweza kupumua kwa mdomo, lakini zote mbili ni za kukuvusha hadi uamke na kuivua. Mwoneshe mkeo namna ya kuifungua kwa mkono mmoja gizani. Na hiyo vali nayo isiguswe na plasta.

Ukibandua plasta usiku wa leo, niandikie kama vitundu vyako viko kwenye kiwiko au kwenye mwili wa barakoa, na kama bomba lako linashuka kifuani au linapita juu, ili nikuelekeze vizuri zaidi namna ya kulifunga.