Gego la mtoto lenye usaha: je, mitishamba inatosha?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu kutoka Arua, Uganda. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 5. Gego lake la chini lilitoboka zamani, na sasa kwenye ufizi pembeni mwake pametokea kipele ambacho hupasuka, hutoa usaha, kisha hurudi. Kliniki walishauri ling'olewe, lakini mama mkwe anasema jino la utotoni litang'oka lenyewe, na kwamba mafuta ya karafuu na maji ya mwarobaini yatamaliza ugonjwa. Je, ipo mitishamba ya kuliponya bila kuling'oa? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Hakuna mmea unaoweza kuliponya jino lililofikia hatua hiyo. Kipele unachokiona ni mlango ambao usaha umejifungulia kutoka kwenye mzizi, na maana yake ni kwamba kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kimekwisha kuoza. Dawa inayopakwa juu ya ufizi haifiki huko ndani. Hata antibayotiki, ambayo husafirishwa na damu, hutuliza uvimbe kwa muda tu, kwa sababu ndani ya jino lililokufa damu haipiti. Kipele kinapopasuka maumivu hupungua, na wazazi wengi hudhani kwamba mitishamba imefanya kazi, kumbe usaha umepata tu pa kutokea.

Mama mkwe wako yuko sahihi kwamba meno yote 20 ya utotoni hung'oka. Hata hivyo, magego hayo kwa kawaida hung'oka kati ya miaka 9 na 12, na mtoto huyu hawezi kuachwa na usaha kwa miaka minne au zaidi. Isitoshe, chini ya gego hilo jino la ukubwani linaendelea kujengwa, na maambukizi yakilifikia, laweza kuota likiwa na madoa au gamba dhaifu.

Karafuu ina sifa yake ya haki. Mafuta yake yana yuginoli, kemikali inayotia ganzi na kuua vijidudu, nasi madaktari wa meno huitumia katika dawa za kuziba meno kwa muda. Lakini mafuta yasiyochanganywa huunguza ufizi, na mtoto mdogo akimeza hata kijiko kimoja cha chai anaweza kupata degedege na kuharibika ini. Usimpe. Mafuta ya mwarobaini nayo yamewahi kuwadhuru vibaya watoto walionyweshwa, kwa hiyo kijiti chake kibaki kuwa mswaki wa watu wazima. Naomba pia msimpeleke kwa mtu wa kuchokonoa ufizi kwa njiti ya baiskeli, kama wanavyofanyiwa watoto wachanga wanaodaiwa kuwa na "ebiino", yaani meno ya uongo yanayosemekana kujificha ndani ya ufizi. Watoto wamepoteza damu na maisha kwa njia hiyo.

Mnaposubiri siku ya kwenda hospitali, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue na kutema, mradi anajua kutema. Kwa maumivu mpe parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 6. Mwenye kilo 16 hupata kati ya miligramu 160 na 240. Asipewe aspirini, wala isiwekwe juu ya ufizi.

Shavu likivimba, homa ikipanda, akashindwa kumeza au kufungua kinywa, au uvimbe ukielekea jichoni au shingoni, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Hospitali za rufaa za mikoa, ikiwemo ya Arua, zina huduma za meno. Daktari ataangalia mizizi: ikiwa bado imara, huenda kiini kilichooza kikasafishwa na jino likazibwa, kama sivyo, litang'olewa kwa sindano ya ganzi, na mtoto atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Likishang'olewa, muulize kama anahitaji kifaa cha kushikilia nafasi, kwa kuwa gego la kudumu linaloota nyuma yake karibu na umri wa miaka 6 husogea mbele na kuliziba pengo ambalo jino la ukubwani litalihitaji.