Ukitaka washauri wa watoto, anza na msimamizi wao

Kila wanafunzi wakichoma bweni la shule, mikutano yetu huishia na pendekezo lile lile: serikali ituletee wanasaikolojia. Sawa, waje. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili ninayeshikilia pia ushauri nasaha katika shule moja ya kutwa Kilifi, na watoto wanaobisha mlangoni kwangu hawatangoja mtu amalize chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Una wanafunzi 50 darasani? Piga hesabu.

Washauri watoke kwa watu walio karibu na watoto. Hapa Kenya, taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn na wenzake, iliwafunza vijana waliomaliza sekondari juzi juzi, wakaendesha vikao vinne vya saa moja kwa vikundi vya wanafunzi. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi kwa wanafunzi hao zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vikao havitaji ugonjwa. Vinazungumzia shukrani, mambo mtu anayoyathamini na uwezo wa kubadilika. Kijana wa kidato cha pili haoni haya kuingia humo.

Ila vijana hao msiwape semina, mkapiga nao picha na vyeti, mkaondoka. Miradi mingi niliyoiona imefia hapo. Msichana akikusimulia yanayomfika nyumbani usiku, utalala nayo wewe. Kwa hiyo kabla hujasaka vijana, mtafute msimamizi, muuguzi wa afya ya akili atakayekaa nao kila wiki, hata kwa simu, na bajeti imtambue. Vijana nao wapewe posho. Moyo wa kujitolea haulipi nauli ya matatu.

Swali la kwanza la mtoto huwa: "Mwalimu, utamwambia mama?" Mfunze mshauri jibu hili mapema kuliko nadharia yoyote: "Yatabaki hapa. Ila ukiwa hatarini, au kuna anayekuumiza, nitatafuta msaada, na nitakuambia wewe kwanza." Aliseme kabla mtoto hajafunguka, si baadaye. Nambari 116, ya simu ya bure kwa watoto, iandikwe ukutani.

Nanyi wakuu wa shule, mpunguzieni mwalimu wa ushauri vipindi. Na chumba chake kisitazamane na ofisi ya naibu mkuu. Nani atapita hapo akionekana?